Paka Hakuumwa

Usiku wa walima wa binti ya shangazi yangu, watu kumi na mmoja walishikwa na kitu kimoja ndani ya saa moja. Nyuso ziliwaka joto kama za watu walioinamia tanuri, vipele vikatoka shingoni na kifuani, mioyo ikaenda mbio, vichwa vikagonga. Bwana harusi alikuwa mmoja wao. Alikaa kwenye daka amefungua vifungo vya kanzu, jasho linamtiririka, na bibi mmoja anampepea kwa kipepeo cha ukili huku akisoma anachokijua.

Kabla kahawa haijapoa tulikuwa na sababu nne. Ami alisema ni jicho. Harusi ilikuwa nzuri mno na majirani walitazama mno. Jirani aliyetazama akasema ni juisi ya ukwaju, eti imechanganywa na maji ya kisima. Vijana wakalaumu sahani za kukodi. Kuna aliyenong'ona kuhusu samaki, lakini alinong'ona kwa sababu samaki wale walikuwa wa shangazi mwenyewe, na shangazi alisikia.

"Samaki hana neno," akasema, akaelekeza kidole mlangoni. "Paka amekula jodari huyo huyo tangu asubuhi. Mtazameni kwa mato yenu."

Tukamtazama. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti analamba mguu, hana habari na mtu.

Kila aliyekulia Amu, yaani Lamu, anaijua hoja hiyo. Mji wetu una punda wa kubeba na paka wa kila kitu kingine, na miongoni mwa kazi za paka ni hiyo ya kuonja. Samaki ukimtilia shaka, mtupie paka kipande ungoje. Bibi yangu alifanya hivyo maisha yake yote, akafa mzee sana, tena si kwa samaki. Mimi nimesomea afya ya umma, nimekaa darasani nikifundishwa toksikolojia, elimu ya sumu, na epidemiolojia, elimu ya magonjwa katika watu, na walimu ambao wasingemruhusu paka kuingia mlangoni, lakini usiku ule sikumcheka shangazi. Paka ni jaribio. Swali ni jaribio la nini.

Nikageuza kadi ya mwaliko nikaanza kuandika nyuma yake. Harusi zetu zina neema moja kwa mtu wa fani yangu: watu hula kwa sinia, wanne wanne au watano watano, na kila mtu anakumbuka alikaa na nani. Juisi ya ukwaju walikunywa wote, wazima na wagonjwa, nikaifuta. Sahani za kukodi zilikuwa kila mahali, nikazifuta. Jicho sikuweza kulifuta, ila niliona ajabu kwamba lilichagua sinia. Maana wagonjwa walitoka katika sinia tatu tu, na sinia hizo tatu ndizo zilizopata jodari wa kukaanga. Jodari alipokwisha, sinia nyingine zilipewa changu wa kupaka, na huko hapakuwa na mtu hata aliyejikuna.

Isipokuwa mtoto mmoja. Alikuwa kwenye sinia ya changu na shingo imejaa vipele, nami nikadhani orodha yangu imevunjika, mpaka alipokiri kwamba alikwenda kwa babake akachomoa kipande. Na kwa upande wa pili kulikuwa na mzee mmoja aliyekula jodari kuliko wote na hakuwa na lolote. Huyo alinisumbua zaidi. Nilimuuliza mambo mengi mpaka akachoka na mimi, kisha akasema kwamba kila jioni hunywa kidonge chake cha Piriton kwa sababu ya mwasho wa miguu.

Hapo nikacheka, na watu wakaniona sina adabu.

Nyama ya jodari ina kiasi kikubwa cha kitu kiitwacho histidini. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, na histamini ndiyo ile ile ambayo mwili wenyewe huimwaga mtu anapopatwa na mzio: ndiyo huleta joto la uso, vipele, moyo kwenda mbio na kichwa kuuma. Moto wa jikoni unaua bakteria. Histamini hauiui, inapita kwenye mafuta yanayochemka na kutoka salama. Piriton kazi yake ni kuizuia histamini isishike mwilini, kwa hiyo mzee wa mwasho alikuwa amekunywa kinga bila kujua. Tulituma kijana duka la dawa, waliokuwa na moyo wa mbio zaidi wakapelekwa hospitali, na kabla ya alfajiri wote walikuwa wamepoa. Bwana harusi aliingia nyumbani kwake amechelewa kidogo. Hilo halikunihusu.

Lakini shangazi alikuwa bado na paka wake, na haki yake ilikuwa kujibiwa. Nilipouliza mambo yalivyokwenda, nikaambiwa kijana wa samaki alimleta jodari mapema, akamkatia pale mlangoni, na matumbo na vipande vya pembeni vikawa vya paka papo hapo. Mnofu ukatiwa chumvi na ndimu, ukafunikwa kitambaa, ukakaa beseni moja jikoni kwa sababu friji ilikuwa imejaa soda na barafu iliyoagizwa haikufika. Ulikaangwa baada ya Magharibi. Paka alikula samaki wa saa moja asubuhi, sisi tukala samaki wa saa mbili usiku. Jodari alikuwa mmoja. Vyakula vilikuwa viwili.

Nimeizungusha habari hiyo kichwani miaka mingi, kwa sababu ndani yake naona karibu kila kitu nilichosomeshwa kwa vitabu vizito. Elimu ya sumu inauliza: kitu hiki kikiingia mwilini hufanya nini, kwa njia gani, kwa kipimo gani? Elimu ya magonjwa katika watu inauliza: nani wameumwa, nani wamesalimika, na wametofautiana kwa lipi? Ukiwa na orodha ya masinia peke yake, unajua ni jodari lakini hujui kwa nini, na mtu atakuambia labda waliokula jodari ndio walioketi karibu na jirani mwenye jicho. Ukiwa na elimu ya histamini peke yake, unajua jodari anaweza kuumiza, lakini hujui kama usiku ule ndiye aliyeumiza. Wavuvi wetu wakitaka kurudi kwenye mwamba ule ule baharini, huoanisha mnazi na mnara upande mmoja, kisha huoanisha alama nyingine upande mwingine. Mstari mmoja unakupa uelekeo tu. Mwamba uko mistari inapokatana.

Nilipokuwa chuoni, mwalimu alitaja Minamata kwa sentensi mbili na kupita. Mimi nilibaki hapo, nadhani kwa sababu ya paka.

Minamata ni mji wa ghuba kusini mwa Japani, wenye wavuvi, nyavu na paka wa bandarini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 paka wake walianza kupepesuka, kuzunguka kama wanaocheza ngoma, na wengine kutumbukia baharini. Kunguru walianguka kutoka angani. Kisha watoto. Tarehe 1 Mei 1956 mkuu wa hospitali ya kiwanda cha kemikali cha Chisso, daktari Hosokawa Hajime, aliripoti kwa ofisi ya afya ugonjwa wa mishipa ya fahamu usiojulikana. Miongoni mwa wagonjwa wa kwanza walikuwa dada wawili wadogo. Mara ya kwanza watu walidhani unaambukiza. Nyumba zikapuliziwa dawa, wagonjwa wakatengwa, majirani wakaacha kuwasalimia.

Orodha ndiyo iliyosema kwanza. Wagonjwa walikuwa wavuvi na jamaa zao, na walichoshirikiana ni samaki wa ghuba ile. Mwaka 1957 paka wazima walilishwa samaki na kombe wa pale, wakaumwa vile vile. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja walikuwa na vitu viwili: watu waliokula wameumwa, na wanyama waliolishwa wameumwa. Sumu yenyewe haikuwa na jina bado. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walishuku manganizi, kisha seleniamu, kisha thaliamu, kwa sababu taka za kiwanda zilikuwa na kila aina ya uchafu. Wakuu wa mkoa walipouliza kama wanaweza kupiga marufuku samaki wale, wizara ya afya ilijibu kwamba hakuna ushahidi ulio wazi kuwa samaki wote wa ghuba wana sumu.

Jibu hilo hunikera kila ninapolikumbuka. Usiku wa walima nilimwaga jodari aliyebaki kwenye zile sinia tatu kabla sijamaliza kufikiri habari ya histamini, kwa kuwa masinia yalikwisha sema. Kujua jina la sumu ni muhimu kwa tiba, kwa mahakama na kwa kuzuia isirudi. Kwa kumwambia mtu asile, si lazima ulijue. Na hakuna aliyetaka ushahidi kwamba kila samaki ni mbaya isipokuwa yule ambaye hakutaka kuchukua hatua.

Mwaka 1958 kiwanda kilihamisha mfereji wa taka zake kutoka bandari moja hadi mdomo wa mto. Mwaka uliofuata wagonjwa wapya wakajitokeza upande huo wa mto, ambako hawakuwapo. Hakuna mtafiti ambaye angethubutu kupanga jaribio la namna hiyo, na kiwanda kililipanga chenyewe bila kujua. Julai 1959 wale wa Kumamoto wakatangaza kwamba ni zebaki, zebaki iliyoungana na kaboni, ile inayopenya ubongo. Mwezi huo huo Hosokawa, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda, akaanza kumchanganyia paka mmoja chakula na maji taka yaliyotoka moja kwa moja kwenye mtambo wa asetaldehaidi, kemikali iliyotengenezwa pale kwa kutumia zebaki. Huyo ndiye paka nambari 400. Oktoba akaanza kutetemeka, kupepesuka, kuzunguka.

Ona paka huyu anavyotofautiana na wa shangazi. Wale wa 1957 walionyesha kwamba samaki ni mbaya, wa 400 akaonyesha kilichomharibu samaki kimetoka bomba gani. Mnyororo ukafungwa kutoka mtamboni hadi kitandani. Wakubwa wa kiwanda walimzuia Hosokawa asiendelee, matokeo yakafichwa, naye hakuyasema hadharani mpaka mwaka 1970, akitoa ushahidi wa kesi akiwa kitandani hospitalini, karibu na kufa kwake. Serikali ya Japani ilikubali rasmi chanzo cha ugonjwa Septemba 1968, miezi michache baada ya kiwanda kuacha kutengeneza asetaldehaidi kwa njia ile. Miaka kumi na miwili tangu ripoti ya kwanza. Samaki waliliwa muda wote huo.

Kuna sehemu moja ya habari ya Minamata ambayo kwa mtu wa pwani yetu inagusa penyewe. Walizaliwa watoto wenye viungo vilivyopinda, wasioweza kusema, na mama zao hawakuwa wagonjwa, au walikuwa na ganzi kidogo tu ya vidole. Elimu ya wakati huo ilisema kondo la nyuma ni kama lango. Sumu ya mama haivuki. Kwa hiyo watoto wale waliitwa wenye kupooza kwa ubongo kwa sababu nyingine, na elimu ya sumu, kwa uhakika wake wa kitabuni, ikawakanusha. Lakini idadi yao katika vijiji vile vidogo ilikuwa kubwa mno, na orodha haikukubali kunyamaza. Sasa, Wajapani wana desturi: kitovu cha mtoto kikikauka na kudondoka, mama hukihifadhi ndani ya kisanduku. Sisi huzika, na mtu wa Amu akitaka kusema kwao ni wapi husema kitovu chake kimezikwa hapo. Wao huweka. Miaka mingi baadaye watafiti wakaenda nyumba kwa nyumba kuomba visanduku vile, wakapima, na mwaka 1975 wakachapisha matokeo: zebaki ilikuwa ndani ya vitovu, nyingi zaidi kwa watoto wa miaka ile ambayo mtambo ulitoa kwa wingi. Mtoto alikuwa amebeba ushahidi wake tangu siku aliyozaliwa, umekaa kabatini na nguo za sherehe.

Nikiulizwa kisa gani kutoka nchi yetu kinaonyesha elimu hizi mbili zikifanya kazi haraka na kwa adabu, nitataja Ukambani mwaka 2004. Watu wa Makueni na Kitui walianza kupata manjano ya macho na tumbo kujaa, na kufa. Kwa mtu wa zahanati manjano ni homa ya ini, na ndiyo iliyodhaniwa kwanza. Vipimo vya virusi havikueleza mlipuko ule. Jumla walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa.

Watafiti wa wizara yetu ya afya na wenzao wa Marekani walifanya nilichofanya mimi kwenye kadi ya mwaliko, ila kwa nidhamu. Walichukua wagonjwa 40 na wazima 80 wa vijiji vile vile, wakawauliza walivyovuna, walivyokausha, walivyohifadhi mahindi. Waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba ndio waliougua zaidi. Hapo wangeweza kuacha. Lakini walichukua pia mahindi na damu. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu, sehemu 354.5 kwa bilioni kwa wastani, ya nyumba za wazima 44.1, na kiwango kilichoruhusiwa wakati huo kilikuwa 20. Soma tena hiyo ya wazima: nao walikuwa juu ya kiwango mara mbili. Na katika damu walitafuta alama ambayo aflatoksini huiacha inapojinata kwenye protini, kwa hiyo walipima kilichoingia mwilini, si kilichokuwa kwenye gunia tu. Wagonjwa walikuwa nayo nyingi kupita wazima mara nyingi.

Alama hiyo ya damu ndiyo ninayoipenda. Ni mahali ambapo mtu wa orodha na mtu wa sumu wanakaa kwenye kiti kimoja. Mtu wa orodha daima anasumbuliwa na kumbukumbu za watu: nani anakumbuka alikula mahindi gani mwezi uliopita? Mtu wa sumu daima anasumbuliwa na panya wake: nani kasema mimi ni panya? Alama iliyo ndani ya damu ya mgonjwa mwenyewe inawajibu wote wawili.

Aflatoksini yenyewe iligunduliwa kwa njia hiyo hiyo ya kukutana. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa uliokosa jina, na waliofuatilia chakula walifika kwenye unga wa njugu kutoka Brazili na ukungu uliokuwa ndani yake. Tangu hapo ilijulikana kwamba inaua ini la ndege na kuleta saratani kwa wanyama. Kwa binadamu swali lilibaki gumu, kwa sababu sehemu zenye ukungu mwingi ndizo zenye homa ya ini aina ya B nyingi, na virusi hivyo navyo huleta saratani ya ini. Nani mwenye kosa? Huko Shanghai walifuatiliwa wanaume zaidi ya 18,000, mkojo wao ukahifadhiwa kabla hawajaugua. Waliokuwa na alama za aflatoksini peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini kama mara 3 hivi ya wengine. Wenye virusi peke yake mara 7. Wenye vyote viwili karibu mara 60. Ukijumlisha 3 na 7 hupati 60. Hata ukizidisha hupati. Wale waliokuwa wakibishana ni huyu au ni yule walikuwa wakiuliza swali la mahakama ambako kuna mshitakiwa mmoja tu.

Mahindi yanayoliwa Amu huja kwa lori kutoka bara na kuvushwa kwa mashua, na najua maghala ambayo sakafu yake hutoa jasho msimu wa masika. Naliacha hapo.

Nisije nikaonekana nimempa paka cheo asichostahili, niseme pia alipokosea. Miaka ya 1970 panya walipewa sakarini, ile sukari ya wagonjwa wa kisukari, kwa wingi, wakapata saratani ya kibofu. Marekani walitaka kuipiga marufuku mwaka 1977. Ikaishia kuwekewa onyo kwenye pakiti. Watu wa orodha walitafuta kwa miaka, wakiwaangalia wanaoitumia sana, wasipate ongezeko la maana. Baadaye watu wa sumu wenyewe wakaeleza: mkojo wa panya dume, kwa ukali wake na protini zake, hufanya vijiwe vidogo ambavyo hukwaruza kibofu, na mkojo wetu haufanyi hivyo. Onyo likaondolewa mwaka 2000. Aseniki ilikuwa kinyume chake. Watu waliokunywa maji yenye aseniki walipata saratani za ngozi, mapafu na kibofu, hilo lilionekana wazi, na kwa miongo mingi wanyama wa maabara walikataa kuugua. Aliyetaka kungoja panya akubali ndipo afunge kisima angengoja watu waishe.

Mwingereza Austin Bradford Hill, aliyeonyesha pamoja na Richard Doll uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, alitoa hotuba mwaka 1965 akataja mambo tisa ya kutazama kabla ya kuita kitu chanzo cha ugonjwa. Wanafunzi huyakariri kama nguzo. Yeye mwenyewe alikataa yawe nguzo, na kuhusu lile la kama jambo linaingia akilini kwa elimu ya viumbe, alionya kwamba linategemea elimu ya siku hiyo. Mama wa Minamata na kondo lao wangemwelewa.

Sasa nije kwenye makaa.

Wenye kufuatilia wanajua kwamba ulikuwapo mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, bara, ng'ambo tu ya hapa, wa megawati 1,050, na kwamba tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufani la mazingira lilifuta leseni yake, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini. Kabla ya hapo tulikuwa na miaka ya mikutano. Katika mmoja nilikaribishwa kusema habari za afya, nikasema: makaa yana zebaki kidogo, yakichomwa inapaa, ikishuka majini vijidudu huigeuza ile ile ya Minamata, samaki mdogo hula, mkubwa humla mdogo, na aliye juu kabisa, papa na nduaro na jodari mkubwa, hubeba ya wote. Nilijiona nimesema vizuri.

Mzee mmoja wa Matondoni, mvuvi, akanyanyuka taratibu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nala papa tangu sijaota ndevu. Hao wa makaa wakija, na miaka ishirini baadaye mjukuu wangu azaliwe mzito wa ulimi, nti hii ina nani wa kuniambia ni makaa, au ni papa wa babu yake?"

Ukumbi ukanyamaza. Mimi pia. Nilikuwa nimeeleza njia ya sumu, kutoka jiko hadi mdomoni, na yeye akaniuliza habari ya orodha: mtamlinganisha mjukuu wangu na nani?

Nilimfuata nje baada ya mkutano, tukakaa barazani. Nikamweleza habari ya Shelisheli, jirani zetu wa bahari hii. Kule watafiti waliwafuatilia mama na watoto 779 waliozaliwa 1989 na 1990, mama wanaokula samaki kama mara 12 kwa wiki, zebaki kwenye nywele zao ikiwa juu kuliko ya watu wa nchi nyingi. Watoto walipimwa akili na lugha mwaka baada ya mwaka na hawakuonekana kudhurika kwa namna ya kueleweka. Kisha nikamweleza visiwa vya Faroe, kaskazini ya mbali, ambako watoto wapatao 1,000 waliozaliwa 1986 na 1987 walipimwa damu ya kitovu, na walipofika miaka 7 wale wenye zebaki zaidi walikuwa nyuma kidogo katika lugha, kumbukumbu na umakini. Zebaki ni moja. Watu wa Faroe waliipata zaidi kwa nyama ya nyangumi, yenye uchafu mwingine wa viwandani ndani yake. Wa Shelisheli kwa samaki wa kila siku, pamoja na mafuta mema ya samaki yanayojenga ubongo wa mtoto. Wengi wa fani yangu wanaona hapo ndipo tofauti ilipo. Mimi nimo katika hao.

"Kwa hiyo nile?" akauliza.

"Changu, kole, dagaa, kula. Papa na nduaro kwa binti aliye mjamzito, apunguze."

"Na la mjukuu hujanijibu."

Nikamwambia kwamba njia ni kupima kabla. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi na huhifadhi zebaki ya mwezi huo, kama daftari. Ukiwa na nywele za watu wa Matondoni, Kipungani na Kizingitini kabla ya moshi, na nywele zao baada ya moshi, na ukajua nani alikula samaki gani, basi mjukuu atakuwa na wa kulinganishwa naye. Bila hiyo ya kwanza, kila mwenye kiwanda atasema ni papa wa babu, na atakuwa na sehemu ya ukweli.

Alifikiri kidogo. "Basi kateni yeo," akasema, akavua kofia.

Kichwa kilikuwa kimenyolewa kinang'aa. Tukatazamana.

"Ndevu zafaa?" akauliza.